Mara Arobaini na Moja

Penseli ya kwanza ilianguka saa tatu na dakika kumi.
Ya pili sikuijali. Ya tatu ilisindikizwa na mluzi.
Nje, kigari cha waya kilikuwa kikipanda mlima wa Chiatura
kwa kilio chake cha kutu,
na Malkhazi, miaka tisa, akakijibu kwa sauti ileile
hata darasa zima likaangua kicheko
na imla yangu ikafia kwenye koma.

"Malkhazi!" nikasema.
Akageuka, uso unameremeta
kama mtu aliyeitwa kupokea barua.

Hilo ndilo lililoninyima usingizi.
Si mluzi. Ule uso.

Kesho yake nilichora vistari pembezoni mwa daftari la mahudhurio,
kimoja kwa kila nilipotaja jina lake.
Kengele ya mwisho ilipolia nikahesabu:
arobaini na moja.
Arobaini za kukaripia,
moja ya kuuliza kama yupo.
Nami nilidhani namnyima,
kumbe nampakulia mwenyewe, sahani baada ya sahani,
na mwenye njaa hana miiko:
akikosa sifa, atakula makaripio.

Baba yake yuko Poland, anapakia masanduku ghalani.
Jumapili hupiga simu; picha hukwama,
mdomo wazi, jicho moja limefumba,
na mtoto huendelea kuzungumza na ile picha iliyoganda.
Hayo aliniambia mwenyewe, mlangoni,
asubuhi nilipoamua kumsalimu kabla hajadai,
kabla ya penseli, kabla ya mluzi.

Nikajiwekea sharti: kelele ndogo, niwe kiziwi;
mkono ukiinuliwa, niwe wa kwanza kuuona.

Msidhani ilikuwa rahisi.
Siku tatu alizidi. Alibweka. Alijiangusha na kiti chake,
akalala sakafuni akinitazama kwa jicho la pembeni,
akisubiri.
Nikaendelea kuandika ubaoni, chaki ikitetemeka.
Mwalimu mkuu, Bwana Revazi, akachungulia:
"Mbona unamwachia?"
"Simwachii," nikasema. "Namngoja."
Siku ya nne nilimfokea, nisifiche. Nilikuwa na mafua,
na jiko la kuni lilikuwa limezimika.
Siku ya tano tukaanza upya.

Leo, baada ya wiki sita, vistari ni kumi na tisa,
na saba kati yake ni vya heri.
Leo alisoma aya nzima kuhusu mto
(sio huu wetu, mweusi kwa vumbi la mgodi;
mto wa kitabuni, wenye samaki),
akajikwaa, akameza mate, akalirudia neno.
Nikamwambia: "Nimekusikia."
Akakaa. Penseli ilikuwa sikioni.

Na katika ukimya ule mgeni
nikasikia kitu kikikwaruza, safu ya tatu, dirishani:
Tekle, akichonga penseli
iliyobaki urefu wa kidole gumba.
Tekle asiyeangusha kitu.
Tekle ambaye hata kikohozi chake huomba ruhusa.
Nikajaribu kukumbuka
ni lini jina lake lilipita mdomoni mwangu,
ukiacha ile ya kuuliza kama yupo.

Kengele ikalia kabla sijakumbuka.