Ini la Dada

Mwaka ule mvua ya Tukuyu haikukata,
na kikohozi nacho hakikukata,
kikatushika wawili, mimi na Subilaga,
tuliolala kitanda kimoja, blanketi moja,
tangu meno ya utoto.

Dirisha la dawa likatupa kadi mbili za rangi moja,
vidonge vya boksi moja,
saa moja asubuhi, kabla ya uji.
Mkojo wetu ukawa rangi ya kutu.
Tulicheka chooni hadi kikohozi kikatukatiza.

Mwezi wa pili nikapanda kilima cha Bulyaga
bila kusimama. Nikanenepa mashavu.
Makohozi yangu, wakasema, masafi.
Yake pia masafi. Ila miguu ya Subilaga
ilianza kuwaka usiku kama iliyokanyaga majivu ya moto;
aliitoa nje ya blanketi, kwenye baridi ile ya Juni.
Kisha vidole vikaingia ganzi.
Akawa anarudi shambani na kikapu nusu:
jani la chai silisikii, alisema,
nachuma kwa macho.

Majirani hawakukosa la kusema.
Mama Tusekile alisema ametegewa kitu njiani.
Msimamizi wa shamba alisema uvivu.
Na mimi, ambaye hakuna aliyeniuliza,
nilisema moyoni: hamezi.
Dawa ileile imeniponya mimi, itamshindaje yeye?
Akiwa bombani nikainua mto wake,
nikapekua foronya, soksi, kopo la mafuta ya mgando.
Nikahesabu pakiti: vitundu vyote vitupu,
siku kwa siku, hata Jumapili.

Bwana Mwakibete wa kliniki hakumkaripia.
Alimwambia afumbe macho, akamgusa kwa pamba.
Subilaga alikaa kimya, akisubiri kuguswa,
na alikuwa ameshaguswa mara tatu.

Ini, akasema, ni mwosha vyombo.
Liko la mbio: dawa haijatua, limeshaisuuza.
Liko la pole: dawa ya leo inalala humo,
inaikuta ya kesho mlangoni,
zinakuwa nyingi, zinaanza kung'ata mishipa ya fahamu.
Hapo hakuna kosa, wala laana.
Tumbo lilikuwa moja,
lakini kila mtoto alichota kwa baba na mama
kwa kibaba chake.
Akaongeza kidonge kimoja cha vitamini,
kidogo, cheupe, ambacho mimi sikuwahi kukihitaji.

Vidole vya mkono havilingani, tulifundishwa shuleni.
Miaka yote nilidhani ni habari
za matajiri na maskini.

Sasa anafunga vifungo vyake mwenyewe,
isipokuwa kile cha shingoni,
ambacho hunigeukia bila neno.

Sijamwambia kuhusu mto.

Jioni tunachemsha majani tuliyochuma sisi,
sufuria moja, vikombe viwili.
Mimi nikimaliza changu nakoroma.
Yeye hukodoa macho hadi jogoo wa kwanza,
akisikiliza mvua ikitembea juu ya bati.
Ndivyo alivyo tangu tukiwa wadogo,
na kila usiku mimi, mjuzi wa kila kitu,
nilimpiga kiwiko gizani:
lala wewe, chai ni chai.