Kucha Hazipumui

Mnada wa tatu ukishalipa
Tandahimba hunuka maganda na noti mpya,
nao huja kibandani kwangu, nyuma ya ghala,
vidole mbele kama watoto wanaokaguliwa shuleni.

"Somoe, nibandike ndefu. Ila zisizo na kemikali."

Namwambia: shoga, hata maji ya bomba letu,
yanayotutembelea kama mkwe, mara moja kwa wiki,
nayo ni kemikali.
Anacheka. Anadhani namtania.

Mwingine anataka wiki moja kucha zikae tupu, zipumue.
Kucha hazina pua, mama.
Zilikwisha kufa zilipochomoza kwenye nyama;
kinachoishi kiko chini, kinalishwa na damu,
na kinachokiumiza ni msasa wangu nikikimbiza mkono
kwa sababu foleni ni ndefu na wewe unawahi harusi.

Mwingine: taa hiyo ya buluu inakausha uzazi.
Ana watoto sita.
Namwomba tu asiguse swichi.

Bi Nachihangu hataki vyangu kabisa.
Yeye ni piko, vitu vya asili, vya mabibi zetu.
Piko lenyewe limekorogwa na dawa ya kutia nywele weusi;
mwaka jana lilimwachia maua ya malengelenge kiganjani,
akasema ni jicho la jirani.

Asili.
Njooni niwaonyeshe asili.
Mama yangu amebangua korosho miaka kumi na tisa.
Mafuta ya ganda hayana kiwanda, hayana picha ya fuvu,
Mungu mwenyewe ameyafungia mle,
nayo yakamla vidole, ngozi baada ya ngozi,
apake majivu, apake mafuta ya nyonyo.
Siku ya vitambulisho akaweka dole gumba kwenye kioo.
Mashine ikasema hakuna mtu.
Akalifuta kwa khanga, akaliweka tena.
Hakuna mtu.
Kijana wa mashine akauliza, "Mama, huna kidole kingine?"

Sasa msinione mjuzi.
Mwezi wa kumi na moja nilinunua chupa isiyo na jina
kwa Chitanda, mleta mizigo ya Kariakoo,
nusu ya bei, na ilishika kama saruji.
Haikunuka sana, nikasema: hii salama.
(Nao huo ni uzushi, wa kwangu mwenyewe. Pua si maabara.)
Ikamwagikia ngozi, sikuifuta.
Taa yangu imezeeka; juu pakakauka, ndani pakabaki pabichi.

Sharifa Namtanga alirudi siku ya nne,
ncha za vidole zimevimba, zinamuwasha
hadi anazikwangua kwenye tofali la ukuta.
Ukucha uliong'oka aliubeba ndani ya kiberiti,
akaufungua mezani pangu, wateja wanaona.

Nilisema nini?
Nilisema: ni damu yako nyepesi.
Nimelisema hilo. Kwa mdomo huu.

Zahanati walimwambia mwili umeshakariri,
hautasahau tena; hata siku ya kuzibwa jino
amtahadharishe daktari.
Nilirudisha pesa. Aliihesabu kwa viganja,
vidole amevikunja nje kama mtu abebaye moto.

Chupa bado iko dirishani. Sijui pa kuimwaga.

Jana mama alikaa kiti cha wateja.
"Nibandike na mimi. Labda mashine itanijua."
Nikamshika mkono, nikaugeuza kwenye mwanga,
nikatafuta mstari, hata mmoja.
Laini. Laini kama yai.

Nikamwambia ngoja kwanza, nisome.
"Kwani imeandikwa nini?"
Chupa mpya ina maandishi, madogo kama chawa,
nami nimeshika simu mkono mmoja, natafuta maana.
Nimefika neno la tatu.
Mama amesinzia, vidole vyake bado vimenyooshwa mezani.