Kibaba cha Vumbi

Karatasi ni duara, nyeupe, ndogo kuliko kisosi.
Jana niliipima kabla haijavuta pumzi:
miligramu mia na arobaini na moja.
Leo naishika kwa koleo, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba,
naiweka mizanini, nafunga kioo,
nazima feni, nangoja tarakimu zitulie.

Mia na arobaini na mbili, na ushei.
Huo ushei ndio Ibra, mchana mmoja na usiku wake,
barabara ikipanuliwa kwenda Sur,
mlima uliokatwa, ukasagwa, ukapakiwa malorini,
ukatimka tena nyuma ya magurudumu.
Chini ya kikomo. Mhandisi akatabasamu,
akaagiza kahawa.

Ila Shaji, dobi wa pale mzungukoni,
hana mizani. Ana kamba mbili juu ya paa
na kanzu za watu.
"Wiki hii nimerudia kufua thelathini na nane.
Siku ya kidude chako, hata moja."

Nikamwendea Gul Zaman wa boza la maji.
Hakuficha. Alfajiri huamriwa amwagie kwanza
mita mia kila upande wa kidude,
na mita mia mbili zikishalowa, boza limekwisha.
Na kwingineko?
"Kwingineko atanyesha Mungu."
Mara ya mwisho ilinyesha Machi.

Nyumbani, Bi Thuwaiba, bibi yangu, mzaliwa wa Wete,
husema haba na haba hujaza kibaba.
Hajasema kibaba cha nani.
Kila asubuhi huandika jina lake kwa kidole
juu ya kioo cha meza, kwa herufi za Kiarabu,
kisha hulifuta kwa kitambaa.
Zamani alingoja Ijumaa ndipo liandikike tena.
Siku hizi adhuhuri tu
nukta zote nne za tha na ya na ba zinasomeka,
naye anakohoa, anafuta.

Juzi usiku nilikipandisha kidude paani kwa Shaji.
Sikumwarifu mtu. Kilinguruma hadi asubuhi
katikati ya mikono mitupu ya kanzu.

Karatasi imetoka na rangi ya chai ya maziwa.
Feni nimezima. Kioo nimefunga.
Kwenye fomu, safu ya Maelezo ina upana wa kidole.
Nimeandika: *bila boza*.
Tarakimu bado zinapanda.