Taa na Chikanda

Mezani kwa Tusajigwe, sokoni Mwanjelwa,
wamelazwa kwenye gazeti moja:
taa mkavu aliyepanda treni toka pwani,
mabawa yamejikunja kama ngozi ya ngoma,
na viazi vya chikanda, bado vina udongo wa Kitulo.

Taa! Nilicheka siku ya kwanza.
Taa gani huyu, hana utambi, ananuka chumvi?

Lakini Januari nililikuta ua lenyewe
kabla jembe halijafika:
zambarau, madoadoa, mabawa wazi,
kijimkia nyuma,
na ukungu ukipita chini yake kama maji.
Nikasema, wewe nakujua. Nilikuona sokoni, umekauka.

Wa baharini hajui baridi ya Makete inavyong'ata masikio.
Wa mlimani hajui wimbi.
Wote hawana haraka ya kuzaa,
sisi ndio wenye haraka ya kula.

"Nikupimie kipi?"
Nikachukua taa, nusu kilo.
Chikanda nikasema kesho, nikijua sirudi.

Usiku umeme ukakatika.
Taa niliyenaye yumo kwenye beseni;
nasikia maji yakisogea,
bawa moja linajikunjua.