Kikohozi, Dakika ya Nne

Toleo la kwanza nililinunua mkononi mwake,
ndani ya flashi ya kijani yenye kifuniko cha kalamu,
mia mbili, na hamsini mpaka leo ananidai.
Kadzo Mwaringa alirekodi chumba cha nyuma
cha duka la barafu kule Barani, mashine zikinguruma,
nami nimekaa juu ya kreti, nimeambiwa ninyamaze.
Nikanyamaza dakika tatu na sekunde hamsini na tisa.
Kisha vumbi la mbao la kufunikia barafu
likanishika koo.

Hakukifuta. Alisema, "Kiache, kimeingia kwenye pigo."
Ndivyo nilivyoingia katika muziki wa mitambo hapa Malindi:
kwa kifua kibovu, wimbo wa nne, spika ya kushoto.

Watu huniuliza, muziki gani huu usio na maneno?
Nawaambia maneno yamo, yamevua viatu mlangoni.
Baba, mtu wa mashairi ya redioni,
aliusikiliza akihesabu kwa vidole.
"Mizani imetimia," akakiri, "vina je?"
Nikamwonyesha mashine ya barafu
inavyorudi kila baada ya mapigo manane.
Akatikisa kichwa. Lakini hakuondoka.

Mwaka huu kampuni ya Nairobi imelitoa upya,
limeoshwa, limepigwa pasi,
jaladani picha ya mnazi ambao Kadzo hajawahi kuukwea.
Nakiri: besi imekaa vizuri zaidi,
kayamba sasa unaisikia punje kwa punje.
Ila barafu hakuna. Na dakika ya nne
nilifika kama mtu anayerudi kwake usiku
akakuta kitasa kimebadilishwa.
Kimya. Kimya safi, cha bei ghali.

Swabra wa kibanda cha kutuma pesa alicheka akashika meza:
"Mapenzi ni kikohozi, wewe kwako yamekuwa kesi!"
Najua, apendaye chongo huita kengeza.
Lakini hapa chongo lenyewe lilikuwa mimi.

Jumamosi tukaenda tamashani,
kwenye hoteli iliyofungwa njia ya Casuarina,
ndani ya bwawa la kuogelea lisilo na maji:
vigae vya buluu, ngazi inayoning'inia,
na ukutani bado imeandikwa mita 1.80.
Kwanza alisimama kijana wa Watamu na gitaa,
nyimbo tatu za kuachwa, nadhani na mwanamke mmoja,
sauti ya mtu anayeongea na simu usiku
asiwaamshe wenzake. Huyo nilimpenda.
Wakafuata wawili wa Mombasa, kelele tupu, dakika arobaini.
Nilikwenda kununua viazi karai,
nikarudi, bado wanatafuta pa kuishia.

Kadzo hakusalimu. Alifungua kompyuta,
akavuta leso mabegani, akaanza.
Wimbo wa kwanza, wa pili,
sauti ikigonga vigae na kurudi imenenepa.
Wa tatu aliuharibu, akausimamisha, akacheka, akaanza tena.
Wa nne ulipanda kutoka sakafuni, ukanishika muundi.

Nikasafisha koo polepole.
Wiki nzima nilikuwa nimejiandaa, sioni haya kusema.
Dakika ya tatu. Sekunde hamsini, hamsini na tano.

Kule kwenye kina kirefu, upande wa kushoto,
kijana mwenye jezi ya kipa, simjui,
akakohoa.
Pale pale. Juu ya pigo.
Na msichana aliyeshika ngazi akakohoa,
na wale wa kwenye mteremko, na muuza tiketi,
wote waliolelewa na nakala ya nakala
ya flashi ya kijani, bwawa zima likakohoa
kama darasa linaloitikia jina.

Kadzo aliinua macho. Alinitafuta? Sijui,
taa zilikuwa za zambarau.

Mimi nilichelewa.
Nilikohoa nyuma ya pigo, peke yangu,
na mtu aliyesimama mbele yangu akageuka
kunitazama kama mgeni
asiyeujua wimbo.