Pasiwe na Mtu

Barua yao ilikuwa fupi, ya watu waliozoea kutiiwa:
siku nne, mwezi wa Februari, popote palipo halisi,
na tafadhali, Bi Lamzira, pasiwe na mtu.
Neno la mwisho walilipigia mstari.

Miaka kumi na miwili niko Tbilisi, nauza ukimya.
Najua bei yake kwa usiku, kwa wiki, kwa msimu.
Najua kanisa lipi hufunguliwa kabla ya alfajiri
kwa noti mbili chini ya mshumaa.
Nikatandaza ramani, nikaanza kufuta:
hapa mabasi,
hapa foleni ya kupiga picha,
hapa palikuwa pazuri mpaka nilipopauza.
(Hapo kalamu ilipita upesi.)

Kikabaki kijiji kimoja, juu kabisa ya Mestia,
minara kumi na minne ya mawe, moshi kwenye mabomba matatu.
Nikampigia Tsiuri.
"Wageni wangapi?"
"Wawili."
"Wawili tu?" Kama niliyemletea habari ya msiba.
"Wanataka mahali pasipo na watu."
Akacheka mpaka akakohoa.
"Mwanangu, hicho tunacho.
Ndicho kitu pekee tusichoshuka mjini kununua."

Kazi ikaanza. Shuka za kitani,
mito ya manyoya ya bata, kahawa ya shamba moja,
na beseni la shaba la kuogea, kilo tisini,
lililopanda mlima kwa kuburutwa na maksai wawili.
Badri, mwenye maksai, alilizunguka mara mbili
akauliza kama ni la kupikia wali wa matanga.
Nikamwambia la, ni la mtu mmoja kukaa na kuwaza.
Akainamisha kichwa, kama mbele ya kitanda cha mgonjwa.

Wakaja, Bwana Verhaegen wa Antwerp na Liesbet mkewe,
ndani ya Delika yenye minyororo kwenye magurudumu.
Siku ya kwanza waliusikiliza ukimya.
Ya pili waliupiga picha.
Ya tatu mke akanipigia simu, sauti chini:
"Zile nyumba nyingine, mbona hazitoi moshi?"
Nikamweleza. Ile ya kwanza, wana wako Poland, wanapakia maboksi.
Ile yenye mlango wa buluu, mama yuko Bari,
anamwogesha bibi wa watu.
Ile isiyo na paa, theluji iliporomoka usiku, zamani,
mimi nikiwa darasa la tatu.
Hakujibu. Nilisikia maji yakichuruzika
kwenye beseni.

Usiku wa nne Tsiuri akavunja mkataba.
"Kupikia wawili sijui," alisema, "mkono unakataa."
Akamwita Badri. Akawaita wa ng'ambo ya mto,
na mwalimu aliyebakiwa na mwanafunzi mmoja,
na huyo mwanafunzi.
Thelathini na moja, wote na mabuti yenye theluji
juu ya zulia nililolikodi kwa euro mia mbili.
Mikate ya nyama ikatoka, moto, ikinukia ile chumvi yao;
wakanyanyua vikombe kwa waliokufa, kwa waliohama,
kwa maksai wa kushoto, ambaye ni mvivu.
Na wali ukapakuliwa ndani ya beseni la shaba,
Badri akisimama kando, akimwapia kila mtu
kwamba si wa matanga.

Bwana Verhaegen amedai theluthi ya fedha zake.
Nimemrudishia. Mkataba ni mkataba.
Lakini leo imefika bahasha nyingine, mwandiko mwingine:
mke anauliza chumvi ile hutiwa vitunguu saumu vingapi,
na yule mtoto, mwanafunzi, anaitwa nani.

Sikumbuki jina. Nampigia Tsiuri.
Simu inaita.
Saa hizi atakuwa juu ya paa na koleo,
anaitupa theluji chini, peke yake,
nayo simu iko mezani, inaita,
inaita.