Kigoda cha Rejeta

Saa nane za usiku, Manyatta, mashine yangu inahema
kama mbwa aliyekimbiza pikipiki hadi Kondele.
Nyuzi tisini na sita.
Kisha kioo kikawa cheusi,
na hesabu za siku tatu zikaenda nacho:
juma lijalo upepo utalisukuma wapi gugu maji,
ufuo upi utazibwa, upi utapumua.

Feni nilikwisha ongeza. Kifuniko nilikwisha vua.
Lakini Kisumu haikuazimi hewa baridi,
hukurudishia ile ile uliyoitema.

Basi nikasema joto litoke, lihamie kwake.
Kibuye, chini ya rundo la bampa,
nikaipata rejeta ya Peugeot kuukuu, shaba tupu.
(Alumini niliikataa. Ikioga maji mamoja na shaba
huliwa kimyakimya, na wewe hujui
mpaka siku zulia linapolowa.)
Nzito kama mtoto wa chekechea aliyelala.
Mezani haikai, ukutani haishikiki.
Ilitaka miguu.

Fundi Apondi aliugeuza mchoro wangu juu chini.
"Banda la sungura?"
Kijana wa grinda akasema, la, ni stendi ya beseni.
Mwingine: meza ya spika za kanisa,
lakini mbona ina matundu sita?
Ni ya kupozea kompyuta, nikasema.
Apondi akapandisha miwani ya moto kwenye paji.
"Kompyuta siku hizi inakunywa maji?"
Hainywi. Yanapita ndani, yanabeba joto,
yanakuja huku nje kupoa, yanarudi.

Hakucheka tena.
"Kama dadangu," akasema.
"Jumanne na Ijumaa, pale hospitali ya Rasha.
Inatoka, inaoshwa, inarudi."
Akatema mate pembeni, akavuta futi kamba.
"Sema vipimo."

Chuma alikitoa kwenye kitanda cha bweni, pembe za inchi moja,
na juu ya pembe mtu alikwaruza kwa msumari:
OMBUYA KIDATO CHA NNE SITARUDI.
Tukakata. Ombuya akabaki mzima, mguu wa kushoto.
Tundu la tano lilipotea milimita tatu;
kosa langu, nilisoma kipimo jua likiwa machoni.
Apondi akatoboa jingine kando yake,
na lile la kwanza liko pale mpaka leo, halina kazi.
Rangi ya kuzuia kutu, mikono miwili.
Jina hatukulipaka.

Usiku huo sikuwasha kompyuta, niliwasha pampu peke yake.
Lita nne za maji ya betri,
kila kiungo nimekifunga karatasi ya msalani
kama vidole vya mtu aliyeungua.
Sikulala. Nililala kidogo.
Alfajiri karatasi zote kavu, isipokuwa moja,
klempu ya tatu, alama ndogo kuliko punje ya wimbi.
Robo ya mzunguko kwa bisibisi. Nikangoja tena hadi adhuhuri.

Sasa nyuzi hamsini na nane.
Hesabu inakwenda hadi mwisho, inaanza nyingine.
Mama amekwisha gundua ule upepo wa nyuma;
jana nilikuta soksi, leo sahani ya omena,
nikamwomba, omena tafadhali hapana,
akanijibu kwamba jua halijawahi kumkatalia.

Jumamosi Apondi akaja kuiona kazi yake.
Aliuweka mkono nyuma ya feni, akauacha hapo muda mrefu.
Halafu akainama, sikio kwenye mpira,
pale maji yanapopita yakinong'ona.
"Hata sauti," akasema, wala hakuimaliza.

Akakitikisa kigoda. Kiliyumba.
"Mguu wa Ombuya ni mfupi."
Akakunja kipande cha katoni mara nne,
akakisukuma chini yake kwa ncha ya kiatu,
akatikisa tena.